Mke wa Kuba na Msikiti wa Mfalme

Walimwita Kuba kwa ajili ya upara wake. Kichwa chake kilikuwa mviringo safi, kinang'aa, hakina hata unywele mmoja wa kusingiziwa, na kwa vile maisha yake yote ya ukubwani yalipita chini ya kuba la msikiti wa mfalme, mtaa mzima uliona hakuna haja ya kumtafutia jina jingine. Mwenyewe alilipenda. Wageni wakija kutazama msikiti, alijipiga kipara kwa kiganja na kuwaambia, "Mimi ndiye kuba dogo. Kubwa liko ndani, karibuni."

Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa chini ya dirisha katika kimojawapo cha vyumba vilivyojengwa kwa safu nyuma ya ukuta wa msikiti. Zamani walilala humo walinzi wa mfalme, na ufalme ulipokwisha vikagawiwa watumishi wa msikiti. Kuta zilikuwa nene hata mtu akikohoa chumba cha pili husikii. Mvua zikinyesha, chokaa ilivimba na kubambuka vipande vipande, naye akawa anafunika vitambaa vya wateja kwa shuka kuukuu. Juu ya kitanda palikuwa na tundu jembamba ambalo walinzi walilitumia kuchungulia nje. Alilisokomeza matambara mwaka ule alioolewa na hakuyatoa tena.

Kuba alipokwenda kumposa hakuwa hata mtembezaji wa wageni. Alikuwa akisugua mabirika ya kutawadhia, na jioni alimfuata nyuma mtembezaji wa wakati ule, mzee mmoja mkali, akiiba maneno yake. Siku ya posa, baba wa binti alimuuliza ana nini. Kuba akaanza kumsimulia mfalme. Mkwe mtarajiwa alimsikiliza mpaka chai ikapoa, kisha akasema, "Haya, mfalme tumemsikia. Wewe je, una nini?" Binti aliyekuwa nyuma ya pazia aliangua kicheko, na kicheko kile ndicho kilichowaoza, kwa sababu baba yake naye alishindwa kujizuia akacheka.

Tangu hapo aliisikia hadithi ya msikiti mpaka ikamwingia kwenye damu. Kuba aliifanyia mazoezi nyumbani, akizunguka kati ya kitanda na cherehani, mkono mmoja hewani.

Mfalme yule, alivyosimulia Kuba, alitawazwa akiwa kijana, na babu yake alikuwa ameacha msikiti wenye kuba lililosifiwa kila pembe ya nchi. Kijana akataka lake liwe pana zaidi. Akaitwa bingwa wa uashi kutoka mbali. Bingwa akapimapima kiwanja, akachimba, akakuta maji, maana chini palikuwa na mkondo wa zamani uliofukiwa. Akasema hapa hapafai. Mfalme akajibu kwamba hapa ndipo karibu na ikulu, na mama yangu miguu inamuuma, hawezi kwenda mbali. Jenga. Wakajaza mkaa na changarawe na mawe makubwa kupita ng'ombe. Juu yake wakasimamisha nguzo nne, kila moja nene kama chumba, juu ya nguzo wakapinda matao, juu ya matao wakazungusha duara la madirisha madogo, na juu ya madirisha ndipo wakaweka kuba. Asubuhi jua likipenya kwenye yale madirisha, kuba lilionekana kama halikushikwa na kitu chochote.

Siku ya kuondoa mbao zilizokuwa zikilibeba, hakuna fundi aliyetaka kubaki ndani. Basi mfalme akaingia mwenyewe, akatandikiwa mkeka katikati, akaketi. Mama yake akaja kwa mkongojo wake, hakuulizwa wala hakuomba ruhusa, akaketi ubavuni pake. Mbao zikatolewa. Vumbi la chokaa likawamwagikia, wakatoka wote wawili weupe kama waliochezea unga.

"Na kuba?" alikuwa akiuliza Kuba hapo, na kuwatazama wageni mmoja mmoja.

Hakuna aliyejibu kamwe. Walikuwa wameshainua vichwa.

Halafu aliwapandisha kwenye roshani ya mama mfalme, upande wa kushoto wa mihrabu. Ngazi yake ilipita ndani ya ukuta, nyembamba, na mtu mwenye kitambi alishauriwa abaki chini amwombee dua mwenzake. Roshani ilikingwa kwa mbao zilizotobolewa nakshi ndogondogo, ili bibi yule aone bila kuonekana. Mwishoni kulikuwa na mlango wa mfalme. Zamani ulifunguka kwenye daraja lenye paa, na daraja likaenda moja kwa moja ikulu, mfalme asikanyage barabara. Ikulu iliungua, daraja likabomolewa, na mlango ukabaki pale juu ukutani, ukifunguka hewani. Chini yake siku hizi ni uchochoro wa mafundi baiskeli.

"Nimeolewa na wanaume wawili," mkewe alikuwa akiwaambia wateja wake, sindano mdomoni. "Huyu na mfalme. Na mfalme ndiye anayekula zaidi."

Walijaliwa mtoto mmoja, binti, ambaye alikua akicheza nyumba ya mfalme chini ya meza ya kukatia vitambaa, akaolewa na dereva wa lori, akahamia upande wa pili wa mji. Kuba alikuwa ameshairithi kazi ya yule mzee mkali. Miaka ikaenda bila neno.

Jambo la kwanza lilikuwa dogo. Mkewe alikuwa amempelekea chakula cha mchana, akamkuta na wageni mbele ya mihrabu. Alikuwa ameinyooshea mkono kama kawaida, akasema, "Na hii hapa ndiyo... hii ndiyo..." Akasimama. Akatabasamu. Akajaribu tena. "Hii ni ile ya kuelekea." Wageni walidhani ni utani wakacheka. Mkewe naye alicheka nao.

"Mihrabu," alimwambia walipokuwa wakila.

"Nini?"

"Ulisahau jina la mihrabu."

"Nimesahau mimi? Wewe mwanamke, nani kakufundisha hilo neno kama si mimi?"

Baadaye, akisimulia, alimwozesha mfalme kwa bibi yake. Kisha alimzika mfalme kabla msikiti haujajengwa, na mgeni mmoja aliyekuwa anafuatilia kwa makini akauliza, sasa nani kaujenga? Kuba akamkazia macho kwa hasira, akamwambia msikitini hapaulizwi maswali ya kipuuzi. Mtu aliyekuwa na subira ya kumsimulia mtoto mchanga! Shehe, imamu wa msikiti, aliyesikia akiwa kwenye mimbari anapanga misahafu, alimwita mshonaji pembeni.

"Mama, mzee hajisikii vizuri?"

"Amechoka tu, Shehe. Halali vizuri."

Akaanza kwenda naye kazini. Alichukua kushona kwa mkono, pindo na vifungo, akaketi nyuma ya nguzo mojawapo, mahali ambapo Kuba alimwona na wageni hawakumwona. Alipokwama, alimnong'oneza. "Mkaa na changarawe." Kuba akapokea, "Mkaa na changarawe, mabibi na mabwana!" na kuendelea mbele kama gari lililosukumwa. Siku nyingine ilikuwa karibu raha. Alijiona kama mtu aliyeshika ncha ya pili ya kitambaa kirefu, wakikikunja pamoja. Lakini wiki kwa wiki minong'ono iliongezeka, na ikafika mahali yeye ndiye aliyekuwa akisimulia, Kuba akipunga mikono tu.

Daktari wa hospitali ya serikali hakumzungusha. Alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, akamwambia kwamba ugonjwa wenyewe unakula kumbukumbu, unaanza na za karibu halafu unarudi nyuma.

"Dawa?"

"Zipo za kumtuliza, mama. Za kumrudishia kilichokwenda hakuna."

"Hata kidogo?"

"Nikikwambia zipo nitakuwa nakudanganya."

Alirudi nyumbani, akapika, akamwambia Kuba kwamba daktari amesema apunguze chumvi.

Ijumaa moja baada ya sala, watu wakiwa wameshatawanyika, Kuba hakuonekana. Mkewe alimtafuta kwenye mabirika, uani, chumbani kwa Shehe. Ndipo wakasikia kelele kutoka uchochoroni. Mafundi baiskeli walikuwa wakipiga mayowe, "Mzee, rudi ndani! Mzee, utaanguka!" Alitoka mbio akatazama juu. Mlango wa mfalme ulikuwa wazi, mbawa zote mbili, na mumewe amesimama kizingitini na nguo zake za Ijumaa, vidole vya miguu vimetokeza nje ya ukingo. Chini yake mafundi walikuwa wanatandaza mipira ya magari na magunia.

Shehe alikuwa wa kwanza kupanda, akakwama nusu ya ngazi kwa unene. Ikabidi ashuke kinyumenyume ili mshonaji apite. Alipofika roshanini hakuthubutu kumsogelea. Alisimama pale ngazi inapoishia.

"Mzee wangu," alisema polepole. "Unafanya nini hapo?"

"Namngoja mfalme," Kuba alijibu bila kugeuka. "Hajawahi kuchelewa. Na daraja silioni. Wewe unaliona daraja?"

"Silioni."

"Basi ngoja nitoke kidogo nitazame limekwenda wapi."

"Usitoke!" Sauti ilimtoka kali. Akaishusha. "Mfalme ameniagiza. Anasema leo haji."

Hapo akageuka. Alimtazama juu mpaka chini, kama mtu aliyeletewa salamu na mjumbe asiyestahili kuzibeba.

"Amekuagiza wewe?"

"Mimi."

"Kwa nini haji?"

Mshonaji alitafuta kwenye hadithi yote ile aliyoijua na likamjia jibu moja tu. "Mama yake miguu inamuuma."

Kuba alitikisa kichwa kwa huruma. "Maskini. Bora wapumzike." Akarudi ndani hatua moja, kisha nyingine, akafunga mlango kwa adabu, ubawa mmoja baada ya mwingine, akatia komeo. Mkewe alimkamata mkono akaketi naye sakafuni, na wakakaa hapo mpaka Shehe alipotuma watu wembamba wawili kuwashusha.

Siku iliyofuata Shehe alichukua funguo za msikiti alizokuwa nazo Kuba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja nazo zile funguo mkononi, akaketi kwenye kiti cha wateja, akakosa pa kuanzia. "Mama, akianguka pale, mimi nitamjibu nini Mungu?" Mshonaji alimwambia hana la kumlaumu. Kuba aliyekuwa kitandani aliuliza, "Huyu bwana kaja kushona nini?"

Kuanzia hapo aliwekwa nyumbani. Lakini nyumba ilikuwa imegusana na msikiti, kwa hiyo kila asubuhi alitoka, akazunguka kona, akaingia kama mwenye mali. Waumini walimzoea. Alitembea kutoka nguzo hadi nguzo akizipapasa, na mkewe akaona kwamba humo ndani anatulia, hapigi kelele, hamtuhumu mtu kwa wizi. Akajiambia pengine tutafika hivi hivi mpaka mwisho. Ilikuwa ndogo hiyo faraja, akaishikilia.

Haikudumu. Ufa ulikuwa umeonekana kwenye tao la upande wa mihrabu, kwanza kama unywele, halafu kama kidole. Wakubwa wa wizara walimleta mhandisi wa majengo ya kale, mwanamke kijana mwenye buti zilizojaa matope, ambaye alipitisha siku nyingi akitoboa sakafu kwa mitambo. Kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote wa mtaani, alikuja kwenye vile vyumba vya nyuma, akagonga mlango wa mshonaji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, sogeza hizo nguo ukae."

Hakukaa. "Nguzo mbili zinazama, mama. Maji ya chini yamehama. Majengo mapya yanayavuta kwa visima, mkaa wa zamani umesagika, na jengo zima linainamia upande huu. Ukuta huu wenu unasukumwa. Hamuwezi kuendelea kulala hapa."

"Mtautengeneza?"

Mhandisi alitazama buti zake. "Tutajaribu kuushikilia."

Msikiti ukafungwa, ukazungushiwa mabati. Watu wa vyumba vya nyuma walitolewa wote, kila mtu na njia yake. Mshonaji alipakia cherehani, meza na magodoro kwenye lori la mkwewe. Kuba aliketi mbele kwa dereva, amefurahi, akimwuliza mkwewe kama safari ni ya mbali na kama huko kuna watu anaowafahamu.

Binti alikuwa na vyumba viwili ghorofa ya juu, vyenye madirisha ya vioo na ngazi za zege zenye harufu ya mafuta ya taa. Aliwapa wazazi chumba cha watoto, watoto wakalala sebuleni. Hakuna aliyenung'unika, na hilo lilimuumiza mshonaji zaidi. Mkwe alirudi kutoka safari ndefu, akamkuta Kuba amekalia kiti chake, amevaa viatu vyake, akamwamkia kwa heshima na kwenda kuketi ngazini.

Huko Kuba alikosa kuta zake. Asubuhi alivaa, akadai funguo. Kwanza kwa upole, halafu kwa kelele, halafu alimshika mkewe shingo ya gauni na kumwita mwizi mbele ya wajukuu. "Umeziuza! Umeziuza funguo za mfalme!" Binti alimvuta baba yake akilia. Mshonaji alijirekebisha shingo ya gauni, akawaambia watoto babu anatania. Mdogo wao, ambaye alikuwa bado hajajifunza kunyamaza, akasema, "Hatanii."

Akatoroka mara kwa mara. Mara moja alipatikana ndani ya msikiti mdogo wa karibu na soko, chumba kimoja chenye feni, akiwaonyesha watu dari ya mbao na kuwaambia kuba hili lina madirisha chini yake. Walidhani ni ombaomba aliyechanganyikiwa, wakampa mkate. Alikuwa ameushika mkononi hajaula, aliporudishwa.

Mshonaji alikuwa amebakiwa na wazo moja, na alilificha hata kwa binti yake, kwa sababu alijua likisemwa litachekwa. Aliamini kwamba kilichokuwa kinamponyoka Kuba kilikuwa bado kimo ndani ya ule msikiti. Angeingizwa tu, akasimama mahali pake, akaona mwanga wa yale madirisha, kitu kingeshika. Hakutegemea apone. Alitaka amtazame yeye mkewe mara moja, amjue, basi.

Akaenda kwenye mabati, akamngoja mhandisi mpaka akatoka.

"Mama, ni hatari."

"Kwangu au kwake?"

"Kwenu wote."

"Mwanangu, mimi na huyu mtu, hatari gani tena?"

Mhandisi alipangusa uso kwa mkono wenye vumbi. Mwishowe akasema Jumatatu asubuhi, kabla mafundi hawajaanza kazi ya juu, na wakae muda mfupi.

Mshonaji alimwogesha mumewe, akamvisha nguo za Ijumaa ingawa ilikuwa Jumatatu. Binti alifuatana nao. Mlangoni walipewa kofia ngumu za mafundi, na ya Kuba iliteleza huku na huku kwenye upara. Mshonaji alicheka peke yake.

Ndani mlikuwa mmejaa mabomba ya chuma. Yalisimama kama msitu kutoka sakafuni mpaka juu, yakabana matao, yakazunguka nguzo, na mikeka yote ilikuwa imekunjwa kuachia vumbi tupu. Mihrabu ilifunikwa kwa turubai. Kwenye roshani ya mama mfalme walikuwa wametoa zile mbao za nakshi na kuziegemeza ukutani. Lakini madirisha madogo yalikuwa pale pale, na jua lilikuwa limeshafika. Mionzi ilishuka katikati ya mabomba mpaka chini.

Alimwongoza mpaka katikati. "Mzee wangu. Tazama juu."

Akatazama juu. Mdomo ulifunguka kidogo. Mshonaji alisubiri, ameshika kiwiko chake, akisikia pumzi yake mwenyewe ndani ya kofia.

"Kuna baridi," alisema Kuba.

"Unapajua hapa?"

"Ghala la nani hili?"

Binti alianza, "Baba, huu ni msikiti wa..." Mama yake akamzuia kwa mkono. Akavuta pumzi, na yeye ambaye miaka yote alinong'ona nyuma ya nguzo akaanza kusimulia kwa sauti. Alianza na kijana aliyetawazwa na babu mwenye kuba la sifa. Akapita kwa bingwa wa uashi, maji ya chini, mkaa na changarawe na mawe makubwa kupita ng'ombe. Mkono wake mmoja ulipanda hewani wenyewe. Mafundi waliokuwa wanaingia na ndoo zao walisimama. Mhandisi alivua kofia. Mshonaji akasimulia mkeka, na mama aliyekuja kwa mkongojo bila kuulizwa, na mbao zilivyotolewa, na vumbi, na watu wawili weupe kama waliochezea unga.

"Na kuba?" akamuuliza mumewe, uso kwa uso.

Kuba alimtazama kwa makini. Kisha akamgeukia mhandisi, akainama kidogo kama mtu anayetoa siri.

"Huyu mama anaongea sana," alisema. "Choo kiko wapi?"

Fundi mmoja akampeleka. Binti alikwenda nje kulia. Mshonaji alibaki amesimama katikati, mkono wake bado umeinuliwa nusu, na mhandisi alikuja akasimama karibu naye.

"Mama, sikutaka usikie kwa watu," alisema. "Uamuzi umeshatoka. Tunaliteremsha kuba. Likiachwa litaanguka lenyewe na kuvunja mtaa wote."

"Mtalirudisha?"

"Mawe tutayahifadhi."

"Nimekuuliza mtalirudisha?"

"Hakuna anayejua, mama. Mimi sidhani."

Mshonaji aliitikia kwa kichwa. Alimshukuru kwa kumwambia kweli. Kuba aliporudi, suruali yake ilikuwa imelowa, na wakaondoka.

Kuba liliteremshwa msimu ule wa kiangazi. Walianza na jiwe la kileleni, wakashuka kwa mizunguko, na watu walikuja kutazama kutoka kwenye mapaa ya jirani. Mshonaji alikwenda mara moja peke yake, akasimama kwenye uchochoro wa mafundi baiskeli. Kulikuwa kumebaki duara la madirisha tu, na juu yake mbingu. Mlango wa mfalme ulikuwa umezibwa kwa matofali. Fundi baiskeli mmoja alimletea kigoda, akamuuliza mzee anaendeleaje, akajibu hajambo. Hakukaa hata dakika. Mawe yalipelekwa kwenye uwanja wa wizara, yakapangwa chini ya turubai, na mhandisi akahamishiwa kazi nyingine mbali. Shehe alipewa msikiti mwingine.

Mshonaji alihamishia cherehani kwenye korido ya ghorofa ya binti yake. Wateja wa zamani hawakumfuata huko, na wapya walikuwa wachache. Alishona sare za shule na mashuka. Kuba aliketi karibu naye kwenye kigoda, mlango wa ngazini umefungwa kwa ufunguo, akiokota nyuzi sakafuni na kuziweka mfukoni. Hakutoroka tena. Hakuulizia funguo, wala mfalme, wala kitu chochote cha nyuma. Daktari alisema hiyo ndiyo hatua yenyewe, na kwamba kwa mhudumu ni nafuu. Mshonaji alitafakari neno hilo, nafuu, njia nzima ya kurudi.

Alasiri moja binti alikuwa sokoni, watoto shuleni. Mshonaji alikuwa akitia pindo, ameinamia kitambaa, alipohisi anatazamwa. Kuba alikuwa amekunja mikono mapajani kama mgeni aliyelelewa vizuri. Alionekana ana neno linamkereketa na hataki kumvunjia mtu heshima.

"Dada," alisema, "usinielewe vibaya. Umetusaidia sana hapa, nakuona unavyohangaika. Lakini mke wangu hajazoea kukuta mwanamke mwingine nyumbani. Akirudi akikuona, itakuwa maneno."

Mguu wa mshonaji ulisimama kwenye kanyagio la cherehani.

"Mkeo yuko wapi?" aliuliza.

"Ametoka. Ni mtu wa kucheka sana, lakini akikasirika..." Alitikisa kichwa, karibu atabasamu. "Wewe unatarajia kuondoka saa ngapi?"

"Nikimaliza hii shuka."

"Haya. Ahsante, dada."

Akaendelea kutia pindo. Lilipokwisha alikata uzi, akachukua shuka nyingine, akaitandaza mezani, akaanza upya kwenye ncha.